Mjadala: Nembo inayobadilika sura, usajili mmoja utoshe au kila sura isajiliwe?

Mbunifu wa nembo, Moshi

Nauliza wazi, na msimamo wangu nautanguliza. Nembo ya siku hizi haina sura moja. Kwenye mlango wa Landcruiser inarefushwa, kwenye simu inabanwa ndani ya duara, kwenye mfuko wa kahawa wa gramu 250 neno linapanda juu ya picha. Sheria yetu ya Alama za Biashara na Huduma ni ya 1986, na ombi moja BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, linabeba alama moja kwa klasi moja, yaani kundi moja la bidhaa au huduma. Chukueni mgahawa wa hapa Moshi unaouza na kahawa yake: klasi 30 ya kahawa, 43 ya mgahawa, 25 ya fulana. Sura tatu za nembo ni maombi tisa, kila ombi na ada yake, tangazo lake kwenye jarida, siku zake 60 za pingamizi. Mfanyabiashara mdogo atalipia moja, nane zibaki uchi. Sheria irekebishwe: ombi moja, mwenye nembo aeleze kiini chake, na kila sura yenye kiini hicho ilindwe.

Wakili, Arusha

Ugonjwa umeutaja sawasawa, dawa ndiyo siikubali. Daftari la Msajili linamhudumia pia jirani anayetaka kufungua biashara kesho na anahitaji kuona mpaka ulipo. Ukisajili "kiini", mpaka huo utausogeza kila mwaka. Dyson, watengenezaji wa mashine za kufyonza vumbi, waliomba walindiwe chombo angavu cha kukusanyia vumbi, cha umbo lolote. Mahakama ya Haki ya Ulaya ikakataa mwaka 2007, kwa kuwa maumbo hayo hayana idadi. Cadbury wa chokoleti nao waliomba rangi ya zambarau iwe yao hata pale inapotawala tu sehemu kubwa ya kifungashio. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikakataa mwaka 2013: ndani ya maneno hayo kulijificha alama nyingi mno. Sasa leteni hoja hiyo Kilimanjaro. Kiini cha nembo nyingi za huku ni mlima wenye theluji kileleni. Nani apewe mlima wenye theluji kwa mchoro wowote atakaoutaka?

Mkaangaji kahawa, Moshi

Samahani wakili, na wewe dada mbunifu, mnazungumza kama vile sheria imefunga mlango kabisa. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Paris tangu 1963, na kifungu chake cha 5C kinasema kutumia alama kwa sura iliyotofautiana kidogo na ile iliyosajiliwa hakuiui, mradi kile kinachoitambulisha hakijaguswa. Basi tuulizane kinachoitambulisha ni nini. Tuweke mfuko mezani. Juu kuna mchoro wa mlima, katikati jina la kubuni kwa herufi nene, chini tawi lenye buni nyekundu. Ukitoa tawi, alama bado ipo. Ukibadilisha mwandiko wa herufi kwa kiasi, bado ipo. Ukihamisha mlima ukawa pembeni, kwa maoni yangu bado. Ukitoa jina ukaacha mlima peke yake, umeondoka na alama yote, kwa sababu mlima ni wa kila mtu.

Wakili, Arusha

Hapo tuko pamoja, na ndiyo maana nashauri jina lisajiliwe peke yake kwanza, kwa herufi za kawaida, nyeusi juu ya nyeupe, bila picha na bila kujifunga kwenye rangi. Ombi la pili ndilo la picha. Wengi hufanya kinyume: wanapeleka lebo nzima yenye jina, mlima, twiga, rangi na hata maneno "kahawa safi". Mwaka wa tatu lebo inabadilika, na cheti kinabaki kinalinda kitu ambacho hakipo dukani. Alama isiyotumika miaka mitatu mfululizo inaweza kuombewa ifutwe. Kwa marekebisho madogo, sheria inamruhusu mwenye alama kumwomba Msajili aibadilishe daftarini, ilimradi utambulisho wake haubadiliki kwa kiasi kikubwa. Kubadilisha jina lenyewe ni ombi jipya, na tarehe mpya ya kipaumbele, yaani nafasi yako kwenye foleni. Aliyetangulia kuomba katikati amekupita.

Mwendesha kampuni ya utalii, Arusha

Ushauri wa jina kwanza unafaa kwa mwenye jina la kubuni. Sisi wa klasi 39 majina yetu yamejaa Serengeti, Kilimanjaro, Meru na "safari", na hayo hayamilikiwi na mtu mmoja. Kinachotutofautisha ni mchoro wenyewe: tembo amekaaje, mgunga umeinama upande gani. Kwa hiyo mchoro ndio unaohitaji ulinzi mpana, na ndio unaobadilika kila tukibadilisha stika za magari. Hapa namuunga mkono mbunifu. Walau sura tatu au nne zilizochorwa kabisa, zikiwa wazi kwa kila mtu, zikubaliwe kwa ada moja. Hiyo haimnyimi jirani mpaka wake.

Wakili, Arusha

Sura zilizochorwa zote na kuwekwa wazi, nakubali. Hilo ni tofauti na kusajili kiini, na ningelipigia debe.

Mbunifu wa nembo, Moshi

Basi nalegeza: michoro ionyeshwe, nisiseme "kiini". Naongeza jambo ambalo wateja wanalisahau. Mchoro una hakimiliki pia, na huo ni mlango mwingine kabisa. Kabla ya kumpa mbunifu mwingine faili aifanyie sura mpya, pateni maandishi yaliyosainiwa yanayohamisha haki kutoka kwa aliyechora mwanzo, pamoja na ruhusa ya kuibadilisha. Risiti ya malipo pekee ni silaha butu mkifika kwenye ugomvi.

Mkaangaji kahawa, Moshi

Na ushahidi wa matumizi, alama isije ikaombewa ifutwe. Risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, ina jina la biashara, picha ya nembo haimo, na karatasi yake inafifia mpaka inabaki nyeupe. Itoeni nakala wiki hiyohiyo. Kila lebo ikibadilika, pigeni picha ya mfuko uliojaa, upande wenye nembo na upande wenye namba ya toleo na tarehe ya kukaangwa, mziweke pamoja na ankara ya kiwanda cha vifungashio. Mifuko ya zamani iliyobaki stoo iuzwe hadi iishe. Nayo ni matumizi.

Mwendesha kampuni ya utalii, Arusha

Bado nembo inayotembea kwenye video, tembo anayeinua mkonga hadi neno linatokea. Sheria inataka alama inayoonekana, inayoweza kuchorwa. Je, picha sita za mfuatano kwenye ombi moja zinatosha, wakili?

Wakili, Arusha

Inaonekana, na inachorika. Ningepeleka hizo sita zikiwa na namba na maelezo ya mwendo, na siku hiyohiyo ombi la pili la picha ya mwisho ikiwa imetulia. Msajili akikataa la kwanza, la pili linabaki na tarehe yake.