Naomba ushauri: nikatwe tumbo nipungue, au nivumilie?

BintiMajengo: Assalam aleikum wanajamvi. Nina miaka 34, kilo 118, urefu sentimita 160. Sukari ninayo tangu mwaka juzi, na magoti hayanipandishi ngazi za kwetu. Nimetembea ufuoni Mama Ngina alfajiri, nimeacha mahamri, nimekunywa maji ya ndimu hadi meno yakafa ganzi. Nikipunguza kilo sita, zarudi nane. Daktari amenitajia upasuaji. Mume hataki, mamangu analia. Nani amepitia?

Mzee_Kobe: Uvivu tu huo. Kimbia.

MamaWawili: Mzee, wewe magoti yako yashabeba kilo 118? Dada, mimi nilifanyiwa miaka mitatu iliyopita. Mfuko wa chakula hukatwa kama robo tatu, ukabaki mwembamba mfano wa ndizi. Kilichotolewa hakirudi, elewa hapo. Ndicho pia kilichokuwa kikitoa homoni nyingi ya njaa, kwa hivyo njaa hupoa. Mwanzo ni vya majimaji tu, supu iliyochujwa, halafu vya kupondwa. Mwezi wa nne nywele zikaanza kunyonyoka. Nililia kuliko siku ya kisu. Zikaota tena. Vitamini nitameza maisha yangu yote. Na harusini, ukila vijiko vinne vya biriani, wapishi wanuna!

BintiMajengo: Na saumu? Na mtoto mwingine nataka.

MamaWawili: Mimba niliambiwa ningoje mwaka na nusu. Ramadhani ya kwanza sikufunga. Hilo muulize daktari, kisha shekhe wako.

Nesi_wa_Pwani: Kilo 118 gawanya kwa 1.6, kisha tena kwa 1.6: unapata 46, ndicho kipimo cha uzito kwa urefu (BMI). Zamani kiwango cha kukubaliwa upasuaji kilikuwa 40, au 35 ukiwa na maradhi kama sukari. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vikashusha hadi 35, na 30 kwa mwenye sukari. Wewe umo. Lakini una kiungulia? Maana huo wa ndizi huweza kukizidisha, na hapo ule wa kugeuza njia ya chakula huenda ukakufaa zaidi. Muulize daktari amefanya wangapi, na mshono ukivuja usiku nani atakuja. Dawa za sukari zitabadilishwa pia, usiendelee nazo kwa mazoea.

BintiMajengo: Kiungulia kipo, kila nikila viazi karai usiku. Wala sikumtajia daktari. Jumatatu narudi, na mume nitamvuta twende naye akayasikie mwenyewe.