Je, sauti ya msimulizi ianze yenyewe ukurasa unapofunguka?

mhariri_tanga:
Ndugu zangu, tunaandaa tovuti ya hadithi na mashairi ambayo kila ukurasa utakuwa na sauti ya msimulizi anayesoma maandishi yaliyopo. Mwenzangu anataka sauti ianze yenyewe, kwa hoja kwamba msomaji asiyeona hatakiona kitufe. Je, hoja hiyo ina mashiko kwa wanaotumia visoma skrini, yaani programu zinazosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini?

msikilizaji:
Haina. Mimi sioni, na ninatumia kisoma skrini kiitwacho NVDA. Ukurasa unapofunguka, kompyuta yangu huwa tayari inanisemesha; sauti ya pili ikiingia bila hodi, siambulii neno katika hizo mbili, na kitufe cha kuisimamisha nalazimika kukitafuta kwa masikio yaleyale yaliyokwisha kuzibwa. Nikipunguza sauti ya kompyuta, zote mbili zinafifia. Ndiyo maana WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, katika kifungu cha 1.4.2, unataka sauti inayojianzisha na kuzidi sekunde 3 iwe na njia ya kusimamishwa au ya kupunguzwa peke yake. Hata hivyo, kifungu kinaweza kutimizwa na mateso yakabaki, iwapo kitufe kimewekwa mwisho wa ukurasa. Mwacheni msomaji aianzishe mwenyewe. Masimulizi yenyewe nayataka sana, kwani shairi likisomwa na eSpeak, sauti ya kompyuta, mizani hubaki lakini mahadhi hupotea.

fundi_kodi:
Tumieni kicheza sauti cha HTML (lugha ya kuundia kurasa za tovuti) chenyewe pamoja na vidhibiti vyake, au kitufe halisi, si kisanduku kilichopambwa kikafanana na kitufe huku hakifikiki kwa kibodi. Kipeni jina kamili, mfano "Sikiliza shairi", nacho kikae mara baada ya kichwa. Jina likibadilika kuwa "Simamisha", msiongeze aria-pressed, alama ya msimbo inayokiambia kisoma skrini kwamba kitufe kimebonyezwa, la sivyo mtu ataambiwa "Simamisha, kimebonyezwa", asijue kama sauti inaendelea au imekoma. Hesabu ya sekunde isiwekwe ndani ya aria-live, sehemu ambayo kila badiliko lake hutangazwa na kisoma skrini, maana itampayukia msimulizi mfululizo. Andikeni pia lang="sw", alama inayotaja kwamba lugha ya ukurasa ni Kiswahili, ili maandishi yasisomwe kwa matamshi ya Kiingereza.

mhariri_tanga:
Nashukuru. Sauti ikishakuwapo, tunaweza kuyaondoa maandishi ili ukurasa uwe mwepesi?

msikilizaji:
Hapana, ndugu. Wapo wasioona wala kusikia, ambao husoma kwa nukta nundu kupitia kifaa kilichounganishwa na kompyuta. Nami nikitaka kujua jina la mhusika linavyoandikwa, huyarudia maandishi herufi kwa herufi.