Ushauri: Picha zangu za "ukuta mkongwe" zinabanduka, nifanyeje?

Kutu_Dom: Habari zenu wakuu. Nipo Dodoma, nachora picha zisizo na mtu wala mnyama. Nachukua sura ya vitu vilivyochakaa: bati lenye kutu, mlango wa duka kule Majengo uliopakwa rangi juu ya rangi, ukuta wa tembe uliopigwa mvua mpaka fito zinachungulia. Nachanganya unga wa jasi na gundi nyeupe ya maseremala, natandaza kwa mwiko kwenye kanvasi, juu napaka rangi ya maji. Inapasuka vizuri tu, ila baadaye vipande vinadondoka, hasa nikisafirisha. Moja imeota unga mweupe. Kuna mteja anataka kubwa ya sebuleni, naogopa kumpelekea kitu kinachopukutika. Msaada tafadhali.

Mzee wa Kona: Si ulitaka uchakavu? Mwambie mteja picha inaendelea kujichora 😂

Mwiko: Mkuu, kupasuka na kubanduka ni vitu viwili. Nyufa unazitaka, tatizo ni kanvasi: inalegea na kukaza, jasi haipindi. Hamia kwenye plaiwudi. Ipige msasa, paka gundi iliyozimuliwa mbele na nyuma isije ikajikunja. Tandaza tabaka jembamba, likauke, ndipo uongeze. Na kwa upepo wetu huu wa kiangazi juu kunakauka chini bado kubichi, kwa hiyo kausha ndani, mbali na dirisha.

Ukitaka nyufa za rangi peke yake, paka gundi isiyozimuliwa. Ikianza kunata kidoleni pitisha rangi ya maji mara moja, usirudie brashi. Rangi ikikauka inajivuta na kupasuka. Gundi nene, nyufa pana.

Binti Chamwino: Huo unga mweupe ni chumvi. Unatumia maji gani?

Kutu_Dom: Ya kisima 🙈 Asanteni sana. Na kutu je? Nikichanganya rangi inatoka kama chokoleti.

Binti Chamwino: Kama ni ya kisima, basi umepata jibu la huo unga mweupe. Kinga maji ya mvua, utumie hayo.

Mwiko: Kutu tumia ya kweli. Omba unga wa chuma kwa mafundi wa mageti, changanya na gundi, paka. Ikikauka nyunyiza siki yenye chumvi kidogo, kesho yake utaona. Vaa barakoa. Ukiridhika pitisha vanishi, la sivyo kutu itaendelea na kuchafua ukuta wa mteja.

Mrangi Halisi: Udongo mwekundu nao usiudharau, uchekeche kwa kitambaa. Michoro ya miambani Kolo, Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, wekundu wake ni udongo wenye chuma, na rangi hiyo haichujwi na jua. Ila usiende kuuchota palepale penye michoro, jamani.

Mwiko: Hiyo ya sebuleni igawe mbao mbili au tatu. Plaiwudi kubwa yenye jasi ni nzito, haikai kwenye msumari mmoja. Muulize kwanza ukuta wake ni wa tofali au jipsamu, ndipo mpatane bei.