Mjadala: Mamlaka yakae kwa kiongozi mmoja au kwa baraza?

Wakuu, kuna hoja inayorudi kila uchaguzi unapokaribia: nchi inataka mtu mmoja mwenye maamuzi, kwa sababu vikao vinachelewesha mambo na yakiharibika hakuna wa kuulizwa. Naipinga.

Uswisi, tangu 1848, serikali kuu inaongozwa na baraza la watu 7 wanaochaguliwa na bunge. Urais ni wa zamu, mwaka mmoja mmoja, na anayeushika si bosi wa wenzake. Wanabishana ndani, kisha nje wote wanautetea uamuzi, hata aliyeshindwa.

Mtasema Uswisi ni Uswisi. Basi tuitazame Uruguay, maana hapo upande wa pili una hoja nzito. Katiba ya 1952 iliweka baraza la watu 9: sita wa chama kilichoshinda, watatu wa chama kilichofuata. Uchumi ulipodorora lawama zikawa hazina mwenyewe, na mwaka 1966 wananchi wakapiga kura kurudisha rais mmoja. Kasoro ilikuwepo, siikatai. Ila wanaoutaja mfano huu huishia hapo. Juni 1973 Rais Bordaberry, akiungwa mkono na jeshi, alilivunja bunge, na udikteta ukadumu hadi 1985. Sisemi kura ya 1966 ndiyo iliyoleta yote hayo. Nchi ilikuwa na machafuko yake. Lakini kwenye baraza la watu 9, anayetaka kulifunga bunge angelazimika kwanza kupata kura za wenzake mezani.

Na idadi ya viti si kitu kama walioko karibu na kiongozi hawawezi kumkatalia. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, alishinda chaguzi 3 na kukaa madarakani miaka 11, lakini Novemba 1990 mawaziri wake walimwendea mmoja mmoja, wengi wakamwambia hatashinda kura ya chama. Akajiuzulu, na serikali ikaendelea na kazi. Marekani, kumwondoa rais kunahitaji theluthi mbili ya Seneti, na mpaka sasa hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani huko.

Kwa hiyo mnaotaka kiongozi mmoja mwenye nguvu, nijibuni: siku akikosea, ni nani ndani ya serikali yake mwenye mamlaka ya kumzuia bila kufukuzwa kesho yake?