Jino limezibwa siku sita sasa: maji baridi yanalishtua, kutafuna ndiko kunauma

Kibwana wa Kuze
Assalam aleykum wenzangu. Gego la chini kushoto, la pili kutoka mwisho, lilikuwa limetoboka sana. Limezibwa kwa ile nyeupe inayokaushwa na taa ya buluu. Maji ya friji yakiligusa linashtuka, nikishameza tu yamekwisha. Linaloniudhi ni kutafuna, hata chila upande huo siiwezi. Usiku nalala vizuri. Duka la dawa wamenipa amoxicillin, sijaifungua bado. Nirudi likachimbuliwe upya ama nisubiri?

Tabibu Magego
Waleykum salaam. Usikimbilie kuchimbua. Hapo pana mambo mawili na kila moja lina njia yake.

Baridi kwanza. Chini ya gamba gumu la jino kuna tabaka lenye vijitundu vyembamba mno vinavyokwenda hadi kwenye kiini chenye mishipa, na ndani yake mna majimaji. Baridi ikipiga, majimaji yanasogea na mshipa unashtuka. Tundu likiwa refu, ukuta uliobaki juu ya kiini ni mwembamba, na mashine nayo imekichokoza. Tena ile nyeupe husinyaa kidogo ikikauka, ndiyo maana hupangwa tabaka kwa tabaka, kama milimita 2 kila moja, na kila tabaka likamulikwa peke yake. Ikijazwa kwa mkupuo huvuta kuta za jino au huacha mwanya chini. Mshtuko unaopita haraka kama wako aghalabu hupungua wenyewe kwa wiki 2 hadi 4.

Kutafuna ndiko kwa kukurudisha. Nashuku kizibo kimezidi kimo. Mdomo ukiwa bado na ganzi mtu hung'ata upogo bila kujua, na daktari anapima huo upogo. Akupime tena kwa karatasi ya rangi: unang'ata, unasaga kushoto na kulia, na pale rangi ilipokoza ndipo pa kusugua. Ni kazi ya dakika chache, mara nyingi bila sindano. Usitarajie nafuu papo hapo, kwani utando unaoshika jino kwenye mfupa umeshagongwa siku sita na utataka siku kadhaa kutulia.

Bint Kisauni
Amoxicillin iache ilivyo. Mshipa uliochokozwa si usaha, dawa ya vijidudu haina la kufanya hapo.

Kwa maumivu, ibuprofen ya mg 400 baada ya kula, kila saa 8, isizidi mg 1200 kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu au mimba asiiguse. Huyo atumie paracetamol, vidonge 2 vya mg 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku. Na aspirini haiwekwi kwenye ufizi, inaunguza.

Dawa ya meno tafuta ya meno yanayoshtuka, iliyoandikwa potassium nitrate. Piga mswaki mara mbili, tema, usisukutue kwa maji. Itataka kama wiki mbili kabla ya kuonyesha kazi. Ukwaju na embe bichi la pilipili viweke kando, ukali wake hufungua vile vijitundu. Mabuyu yana balaa lake: ukali kidogo, halafu kokwa ya kung'atia bila kujua. Madafu hayana neno, mradi yasitoke kwenye barafu.

Babu wa Tudor
Mbona karafuu hamuitaji? Tone moja tu la mafuta.

Tabibu Magego
Babu, karafuu inatuliza kweli, na dawa iliyomo ndani yake hutumika kwenye vizibo vya muda. Lakini jino hili limefungwa, mafuta hayafiki ndani, na yakiwa makali yanachoma ufizi. Lingine, karafuu huzuia ile nyeupe isikauke sawasawa. Ikiwa huenda kizibo kikafanywa upya, bora isitiwe.

Kibwana wa Kuze
Shukrani. Nimejaribu kung'ata pamba. Nikikaza si sana, nikiachia ndipo linachoma. Ni lile lile?

Tabibu Magego
Huenda silo. Kuchoma wakati wa kuachia hutia shaka ya ufa. Mwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Kuna kijiti cha plastiki cha kung'atia kilele kimoja kimoja cha gego, kwa sababu picha ya eksirei mara nyingi haionyeshi ufa.

Baridi ikianza kubaki zaidi ya nusu dakika, kahawa tungu ya moto ikilipandisha maumivu, au likikuamsha usiku kwa kupwita, kiini kimeshindwa. Hapo ni kusafishwa mizizi au kung'olewa. Shavu likivimba na homa, au kumeza kukiwa kugumu, nenda hospitali ya Coast General siku hiyo hiyo.

Na siku ya kurudi kwa daktari usimeze dawa ya maumivu asubuhi, itamficha pale panapouma.