Bia za nchi za watu, tupeane uzoefu: ipi ladha yake ilikushangaza?

Wadau wa Mombasa, wengi wetu bia ni ile ya rangi ya dhahabu, baridi, ukimaliza waagiza ingine. Lakini humu kuna mabaharia, watu wa mahoteli, na wengine wako majuu. Leteni stori, na useme ulinywea wapi.

BahariaLikoni: Antwerp, kule Ubelgiji. Jamaa wa bandarini alituitishia kitu chaitwa gueuze, wenzangu melini wakakunja nyuso ati imeharibika, mie nikaongeza glasi kwa sababu ule ni uchachu wa mnazi wa jioni kabisa, ule uliogemwa asubuhi ukakaa kutwa. Nikauliza yatengenezwaje, kumbe hawatii hamira! Wakishapika waimwaga kwenye beseni pana la wazi, inalala hapo usiku kucha ikipoa na vijidudu vya hewani vinaingia vyenyewe, kisha yatiwa mapipa ya mbao mwaka mpaka miaka mitatu, ndio wanachanganya ile kongwe na ile changa. Sasa na mnazi si ndio hivo hivo, nani ushamuona mgema akitia hamira kwenye kibuyu? Ila wao wangoja miaka, sisi kesho yake tu ni siki.

Mkora_Makupa: na ile ya cheri?

BahariaLikoni: Hiyo kriek, cheri chungu zaloweshwa ndani. Tamu lakini si ya kukalia kutwa.

Kaunta_Bamburi: Mimi nilifundishwa na wageni wa Kijerumani hotelini, bia ya ngano. Glasi ndefu, wainamisha, wamimina pole pole, unabakisha kidogo chini ya chupa, watikisa ndio ile chachu iliyolala iamke, halafu wamalizia. Yanukia ndizi na karafuu na hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa, ni kazi ya chachu yenyewe. Tena kuna sheria yao ya Bavaria ya 1516, bia iwe shayiri, hops (yale maua yanayoipa bia uchungu) na maji basi. Nikauliza mzee mmoja, na ngano je? Akacheka, akasema wakubwa walijiwekea ruhusa yao. Kumbe ni kila mahali 😂

DadaWaKisauni: Mie Guinness ya Dublin. Hapa tumezoea ya chupa, kali, mtu akikuona na nyeusi asema wewe umeamua leo. Kule ya bomba ni laini, povu zito la naitrojeni, na kilevi ni kama asilimia 4.2, yaani sawa na Tusker. Weusi na ule uchungu wa kahawa ni shayiri iliyokaangwa tu, si ukali. Nilimuelezea mume wangu, mpaka leo abisha.

SinywiMie: Situmii jamani, lakini kazi yangu iko karibu na baa ya ufuoni. Hizo chupa za kijani zikikaa juani kwa nini zatoa harufu mbaya hivo?

Kaunta_Bamburi: Mwanga ndugu yangu, si joto. Jua lagonga hops, ndio ile harufu yatoka. Chupa ya kahawia yazuia zaidi, na kopo ndio salama kabisa.

Mkora_Makupa: Baharia hiyo gueuze kwa hapa Mombasa yapatikana wapi?

BahariaLikoni: Sijaiona. Vuka feri jioni, nitakuonyesha mgema.