Yosia mwema kafa na miaka 39, Manase mwovu katawala 55: tunasomaje?

Mdadisi77: Wakuu, naombeni msaada. Mithali 12:21 inasema mwenye haki hapatwi na msiba. Mhubiri 7:15 anasema amemwona mwenye haki akiangamia katika haki yake, na mwovu akiishi siku nyingi. Yote yamo kwenye jalada moja! Mfano ni Yosia: 2 Wafalme 23:25 inasema hapakuwa na mfalme kama yeye, mistari minne mbele anauawa Megido na Farao Neko. Babu yake Manase, aliyeijaza Yerusalemu damu, alikalia kiti miaka 55. Tafadhali, "njia za Mungu hazichunguziki" nimeshaisikia.

KurasaMbili: Mkuu, weka 2 Wafalme 21–23 na 2 Nyakati 33–35 sambamba, usome mstari kwa mstari. Wafalme haisemi Yosia alikosa nini. Hasira juu ya Yuda inaiweka kwa Manase (23:26), na toba ya Manase haipo kabisa. Nyakati inaongeza mambo mawili: Manase anafungwa pingu, anapelekwa Babeli, ananyenyekea na kurudishwa (33:11-13), Yosia naye anapuuza maneno ya Neko ambayo mwandishi anasema yalitoka kwa Mungu (35:22). Kwa Nyakati kila mtu anavuna alichopanda mwenyewe. Kwa Wafalme, deni la babu linawaangukia wajukuu.

Wengi hukosea hapa: wanachota sababu ya Nyakati, wanaipachika kwenye Wafalme, kisha wanatangaza hakuna mvutano. Nabii mke Hulda naye alimwahidi Yosia kaburi la amani (2 Wafalme 22:20). Watetezi husema amani hiyo ni kutoyaona mabaya ya mji, na nusu ya pili ya mstari inawaunga mkono. Wapiga mishale waliompiga Yosia huko Megido (2 Nyakati 35:23) tu ndio hawakuambiwa.

Bin_Methali: Kwenye Mithali tatizo ni kuisoma kama mkataba. Sisi tunasema "haraka haraka haina baraka" na pia "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", na hakuna anayemwita mhenga mwongo. Kazi ni kujua ipi inafaa lini.

Ubaya unaanza kanuni ikigeuzwa kinyumenyume: mwovu huteseka, huyu anateseka, basi huyu ni mwovu. Ndicho anachomfanyia Ayubu rafiki yake Elifazi katika Ayubu 4:7, na kwenye 42:7-8 anaambiwa na Mungu kwamba hakunena sawa, apeleke ng'ombe 7 na kondoo waume 7. Lakini angalia: Paulo katika 1 Wakorintho 3:19 anamnukuu huyohuyo Elifazi (Ayubu 5:13) kama Andiko! Dawa ilikuwa nzuri, mgonjwa ndiye siye.

Mdadisi77: Sawa, lakini mwisho Ayubu anarudishiwa maradufu. Si kanuni ileile imerudi kwa mlango wa nyuma?

KurasaMbili: Hesabu vizuri. Kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Watoto ni 7 na 3, idadi ileile, na waliokufa hawarudi. Halafu linganisha na Kutoka 22:4: anayelipa mara mbili ni mwizi aliyekamatwa na mali. Sisemi mwandishi alikusudia hilo, ila malipo hayo hayanukii zawadi tu.

Abu_Subira: Hata kwetu Waislamu mvutano upo. Katika Qur'ani, Ash-Shura 30 inasema misiba ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yenu, naye husamehe mengi. Al-Baqara 155 inaahidi mtihani wa hofu, njaa na upungufu wa mali na nafsi, bila kutaja kosa. Na hadithi ya Mtume katika mkusanyo wa Tirmidhi inasema wenye balaa kali zaidi ni Manabii, kisha wanaowafuatia kwa wema. Kwa hiyo aya ya kwanza ukiichukua peke yake ukampima nayo Ayyub (Ayubu wenu), utakuwa umemtuhumu Nabii.

Bin_Methali: Injili ya Yohana nayo ina pande zote mbili. 9:3, kipofu: si dhambi yake wala ya wazazi wake. 5:14, aliyeponywa baada ya miaka 38: usitende dhambi tena, lisije likakupata lililo baya zaidi. Mdadisi, anza na hizo mbili, halafu Luka 13:4, wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu.